Ada ya Kibali na Sari ya Harika

Jumatatu, 15 Septemba
Frisco, Texas. Joto la kuudhi. Kibali cha kazi cha mhandisi wangu Bhargav kinaisha tarehe 30. Maombi mapya yasipofika serikalini kabla ya hapo, kwaheri Marekani. Mkewe Sravya ana mimba ya miezi minane. Wakili wetu, Bi Colleen, ameleta ada: dola 3,500. Akasisitiza, kidole juu, kwamba sheria inataka mwajiri alipe, si mfanyakazi. Mwajiri ni mimi! Kampuni ina wahandisi wanne na kiyoyozi kibovu. Nani aliniuliza?

Jumatano, 17 Septemba
Nimepata! Tarehe 27 ni sherehe ya sari ya kwanza ya binti yangu Harika, desturi yetu ya binti kuingia utu uzima. Zawadi si ada. Sheria gani inamkataza mtu kumtunza binti wa bosi wake? Nimemwambia Bhargav amtunze Harika kiasi kile kile cha ada.  Akauliza, kaka, nikitoa sasa hivi, karatasi zitatumwa leo? Nikamwambia aache papara, zawadi hutolewa ukumbini. Karatasi zitaondoka Jumatatu, tarehe 29. Bado siku moja nzima!

Jumatatu, 22 Septemba
Mke wangu Padmaja anasema Sravya ameuza bangili zake za harusi. Akaniuliza kama sioni haya. Nikasema dhahabu imepanda bei, wamepata faida. Nimejipakulia mwenyewe wali na mtindi.

Jumamosi, 27 Septemba
Balaa! Nilimsahau shemeji yangu Prabhakar. Kwetu zawadi husomwa kwa kipaza sauti, jina na kiasi, na Prabhakar akikishika hakiachii. Fulani, dola 51. Fulani, dola 101. Halafu: "Bhargav na Sravya, dola elfu tatu mia tano na moja! Jamani, makofi!" Akarudia kwa Kiingereza ili wageni wasipitwe. Ile moja ni ya baraka, maana hatutoi zawadi inayoishia na sifuri. Wahandisi wangu wengine watatu waligeuka wakanikodolea macho. Bi Colleen, niliyemwalika mwenyewe, aliweka sambusa yake chini.

Jumatatu, 29 Septemba
Bi Colleen hatii saini. Kasema nimrudishie Bhargav hela zake, nilipe ada mwenyewe leo hii, naye atatuma. Nimrudishie! Kurudisha zawadi ya binti ni nuksi. Tena mpishi keshazichukua. Nikamwambia Bhargav avumilie, natafuta wakili mwingine. Akalia mbele yangu, mtu mzima. Nilijisikia vibaya mpaka chakula cha mchana.

Jumanne, 30 Septemba
Nimepiga simu kwa mawakili tisa. Wawili walicheka. Siku imekwisha.

Jumapili, 5 Oktoba
Bhargav kaondoka Marekani jana. Hata kuniaga! Sravya amekatazwa na daktari kupanda ndege. Yuko kwa jirani yao, atajifungua bila mumewe. Padmaja amehamia huko kumhudumia, Harika naye kamfuata. Wananinunia kama vile sheria niliitunga mimi.

Maisha yanaendelea. Nimempata mhandisi mwingine, Tejaswi, kijana mpole. Kibali chake kinaisha Februari, na sherehe kama ile, ya mwanangu wa kiume Nihal, ni Januari. Safari hii tutatumia akili: dola 501 mara saba, kwa majina ya shangazi saba wa Tejaswi. Amekubali, sauti chini. Akaniambia mkewe naye ana mimba, ya miezi minne. Nimempongeza sana. Muda tunao.