Saa ya Mteja Ukutani

Jumatatu, 4 Machi
Shemeji, mwenye ofisi, ametangaza cheo kipya: msimamizi wa wateja wa ng'ambo. Atakitoa Ijumaa. Tunakitaka wawili, mimi na Fundi Rula, ambaye huchora ramani za nyumba huku akipumua kwa mdomo. Mteja wa ng'ambo tunaye mmoja tu, Mama Hoteli, anayetaka jengo la vyumba ishirini. Nimeamua kumkosha kwa bidii. Nimempigia saa tatu asubuhi, hata chai sijanywa. Ameitika kwa sauti nzito na kuniuliza nani kafariki. Mwanamke mwenye huruma.

Jumanne, 5 Machi
Nimeitwa. Kumbe kwao wako nyuma yetu kwa saa saba. Nilimwamsha saa nane usiku, na kitoto chake kichanga kikaamka naye. Nikamwambia shemeji kwamba wanaolala saa tatu asubuhi hawaendelei. Hakucheka. Ametundika saa ya pili ukutani, ya majira ya mteja. Sheria: hakuna kumpigia mpaka saa hiyo ifike mbili asubuhi. Yaani kwetu saa tisa alasiri! Wakati huo mimi huwa nimeshaanza kutafuta koti langu. Nimeumia kweli.

Jumatano, 6 Machi
Penye nia pana njia. Nimewahi kuliko wote, nikapanda kiti, nikaisogeza saa ya mteja mbele saa sita. Tofauti ya saa moja nimemwachia, kwa heshima. Ilipofika tatu kwetu, yake ikawa mbili barabara. Nikanyoosha mkono kuchukua simu. Shemeji akaingia, akatazama ukutani, akasema afadhali ampigie mwenyewe amwombe msamaha wa juzi. Shemeji huamini ukuta kuliko kichwa chake. Nilitaka kusema kitu. Nikakohoa tu.

Alhamisi, 7 Machi
Mama Hoteli ameandika. Akiamshwa tena, jengo anampa mtu mwingine. Anamtaka Rula peke yake, kwa sababu Rula humtumia barua pepe na kumwacha aijibu akishaamka. Ujanja wa mtu asiye na sauti! Shemeji akauliza nani kaigusa saa. Nikasema betri. Rula akasema, kwa upole wake ule wa kuudhi, kwamba betri ikichoka saa huchelewa, haikimbilii mbele. Halafu akaonyesha alama ya kiatu kwenye kiti. Kiatu changu, kwa bahati mbaya, kina kisigino kimoja kilicholika. Shemeji amesema ananivumilia kwa ajili ya dada yake. Nimeona aibu mpaka wakati wa chai.

Ijumaa, 8 Machi
Cheo kapewa Rula. Mimi nimepewa nafasi ya mwisho: nimwombe radhi Mama Hoteli mwenyewe, kwa adabu. Akikataa, kazi sina. Shemeji ametoka kwenda kukagua jengo. Rula kaninong'oneza ningoje alasiri. Wivu huo. Cheo anacho, sasa anataka na radhi yangu ilale iwe kiporo. Muungwana akikosa huomba radhi mara moja, na mimi ni muungwana.

Naandika haya simu ikiwa sikioni. Saa tatu kamili asubuhi. Inaita. Imepokelewa. Nasikia mtoto akilia, kwa hiyo bila shaka wameshaamka wote.