Masinia Saba na Mawimbi ya Nahla

Jumapili, 3 Agosti 2025

Daftari, assalamu alaykum. Mimi sijambo. Mume wangu Msellem hajambo, mgongo tu. Mama mkwe Bi Moza hajambo, anakohoa lakini anakula. Binti yangu Nahla hajambo, kaja juzi kutoka chuo. Paka hajambo. Jirani Bi Mwanapili naye hajambo, hajambo mno.

Sasa habari. Nahla kaweka ruta upande mmoja wa chumba cha wageni. Upande wa pili kidude cheusi, redio ya kompyuta, kinakamata mawimbi ya Wi-Fi. Kanieleza: kila wimbi huanza na salamu ileile, redio imeihifadhi kama Alhamdu. Redio hutazama salamu imefika vipi. Imefifia? Imerudiwa? Basi inajua njiani kuna nini. Ukuta, kabati, mtu. Nimeelewa! Hata mimi huanza kwa salamu.

Mwalimu wake anataka vipimo Jumatano. Vikimridhisha, Nahla atapimia hapahapa Kiuyu miezi mitatu. Visipomridhisha, Ijumaa anapanda boti kurudi chuo. Ya Rabbi, miezi mitatu na mwanangu! Amri moja tu: mtu asiingie, kitu kisisogezwe.

Jumatatu, 4 Agosti

Bi Mwanapili kaja kujisifu. Eti simu yake inaiona Wi-Fi yetu akiwa jikoni kwake. Kumbe yanavuja! Mawimbi ya mwanangu yanakwenda kunusa mchuzi wa watu!

Nikamuuliza Nahla, kijuujuu tu, mawimbi yanazuiwa na nini. Kasema bati huyarudisha kama kioo. Ahaa. Alipokwenda kuswali Adhuhuri, nikaingia na masinia yangu saba ya harusi. Nikayapanga nyuma ya pazia, upande wa Bi Mwanapili. Halitoki wimbi hata moja! Nikajipongeza kwa chai.

Jumanne, 5 Agosti

Balaa. Nahla kashika kichwa. Salamu moja inafika mara nyingi, kama chumba kimejaa watu wanaoitikiana. Kadhani redio imeharibika. Machozi! Alipokwenda kuoga nikayatoa masinia yote. Aliporudi, salamu inafika mara moja, safi. Kacheka.

Kisha Bi Mwanapili akapaza sauti uani, anashukuru, leo Wi-Fi inamfikia tele. Tele! Nikayarudisha yote. Na kifuniko cha sufuria juu.

Jumatano, 6 Agosti

Bi Mwanapili kaja mchana, hakualikwa. Nahla akatafuta sinia la kupakulia wali. Hakuna. Nikasema yameazimwa harusini. Bi Moza akaacha kukohoa, akauliza harusi ya nani, mbona yeye hakuambiwa. Bi Mwanapili akasema masinia hayo kayaona dirishani, yamejipanga nyuma ya pazia kama watoto wa madrasa wanaomkimbia mwalimu. Mdomo ule!

Nikakiri. Nahla hakunigombeza. Kachukua kalamu: nimeyaweka saa ngapi, nimeyatoa saa ngapi, mangapi. Kaniuliza mara tatu. Kisha kamwandikia mwalimu ukweli wote, sinia kwa sinia, na kifuniko. Wali tumeula kwenye sufuria. Begi lake liko mlangoni.

Alhamisi, 7 Agosti

Mwalimu kajibu! Alhamdulillahi! Kasema hajapata kuletewa chumba kimoja chenye masinia na bila masinia, tofauti wazi hivi. Nahla aendelee, ila sasa kwa mpango. Anabaki! Nimepiga vigelegele mpaka paka kakimbia. Msellem kasema ni bahati. Bahati! Akili hiyo, tena ya mtu aliyeishia darasa la nne.

Nahla kanikumbatia, kaniapisha nisiguse tena kitu chumbani bila kumwambia. Nimeapa.

Sasa hivi natoka kwa Bi Mwanapili. Nimemnyenyekea, shingo imeniuma. Kaniazima masinia yake kumi na mawili na beseni la shaba. Kama saba yameleta miezi mitatu, kumi na tisa si mwaka? Nahla yuko kwenye mswala, Laasiri. Nitamwambia, lakini baadaye.

Daftari, beseni likae wapi, chini ya kitanda au juu ya kabati? Nijibu upesi, hajatoa salamu.