Soksi za Volkmar

Volkmar Dietz hakuhitaji kipimo cha daktari. Alikaa nje ya mkahawa na sigara yake, akiwaangalia wazee wa mji wa Wuppertal, Ujerumani, wakipanda mtaa. Mzee akisimama kutazama dirisha la duka la maua, haya. Akisimama tena kwenye duka la kufuli, na tena kwenye duka lililofungwa tangu mwaka juzi, huyo mishipa ya miguu imeziba. Anasubiri maumivu yatulie, ila anaona aibu, ndiyo maana anajifanya anatazama bidhaa. Wenyeji wanauita ugonjwa wa madirisha. Volkmar aliuita riziki.

Leo riziki ilikuja ikisukuma kigari cha kutembelea chenye kikapu mbele. Bibi mmoja mkavu, kofia ya sufu kichwani, alikuwa amelikodolea macho dirisha tupu kabisa.

"Mguu unakubana, mama?"

"Unabana utadhani tumegombana," akajibu yule bibi, Trudel Niehaus. "Daktari anataka kunipitishia puto ndani ya mshipa auzibue. Umri huu!"

"Puto! Kwani wewe ni sherehe ya watoto?" Volkmar akafungua mkoba, akatoa soksi za sumaku. "Hizi zinavuta uchafu wote wa mishipani, unatokea unyayoni."

"Lo! Itabidi nizifue kila siku."

"Mara mbili," akasema Volkmar, kwa uso wa mtu aliyesomea.

Bibi akang'aa macho. "Wenzangu wananisubiri na keki kwenye ukumbi wa kanisa, kule juu. Miguu mibovu wote, na akiba wanazo. Twende ukawauzie. Mkoba tupia kikapuni, mwanangu, usijichoshe."

Mkobani mlikuwa na soksi, na mavuno ya wiki nzima. Volkmar akasita. Lakini bibi anayeshindwa kuvuka mtaa atakimbilia wapi? Akautupia.

Wakapanda. Kwenye bucha bibi hakusimama. Kwa fundi viatu hakusimama. Volkmar ndiye aliyesikia shavu la mguu linakaza, kama kila akipanda kilima. Siku zote alilaumu viatu. Mbele ya duka la mabomba mguu ukagoma kabisa.

"Mama, ngoja! Hebu tazama... bomba zuri hili."

Bibi ndiyo kwanza akaongeza mwendo. Mlangoni mwa ukumbi akageuka.

"Puto walishanipitishia mwezi wa tatu, kupitia kinenani, na jioni nikala supu!" akapaza sauti. "Irmgard wetu ndiye aliyevaa soksi zako akaacha kwenda hospitali. Mguu wameukata, mshenzi wewe!"

Nyuma yake wakatokea mabibi wenye mikongojo, na mmoja kwenye kiti cha magurudumu, sketi imekunjwa upande mmoja. Huyo ndiye aliyeupakata mkoba. Mlango ukafungwa.

Volkmar akajaribu kupiga hatua, mguu ukamng'ata. Harufu ya kahawa ya kule juu ilimfikia vizuri tu. Ikabidi arudi kutazama mabomba.

Mzee mmoja akaja akasimama kando yake, naye anasugua mguu. Wakayatazama mabomba pamoja.

"Wahi hospitali, kijana," mzee akamnong'oneza. "Na kuna jamaa hapa mtaani atataka kukuuzia soksi. Usimsikilize."