Suti ya Mifuko Minne na Mfereji Mkuu

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa wote wenye mashamba, wenye nia ya kuwa na mashamba, na wenye ndugu wenye mashamba, kwamba Mfereji Mkuu wa Umwagiliaji, ambao mfano wake haujaonekana tangu dunia iumbwe, sasa unakuja.

Ndivyo lilivyosomeka tangazo lililobandikwa ukutani karibu na soko. Karatasi haikutosha kuufunika ukuta wote, kwa hiyo chini yake yalibaki maneno ya zamani yaliyoandikwa kwa mkaa: USIKOJOE HAPA. Watu waliyasoma yote kwa pamoja wakaona hayo ndiyo masharti ya mradi.

Mwenye tangazo aliitwa Injinia. Jina hilo alijipa mwenyewe, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na sababu ya kubisha, likamkaa. Msimulizi wa habari hizi, ambaye hana undugu wala urafiki na yeyote anayetajwa humu, angependa jambo hilo lieleweke mapema.

Injinia alikuwa ameingia mjini siku ya soko akiwa na begi moja, suti moja na ulimi mmoja, na katika hivyo vitatu ni ulimi tu uliokuwa haujachakaa. Akaketi mgahawani kunywa chai. Meza ya jirani, viongozi wa chama cha wakulima walikuwa wakizozana.

"Hela ya saruji ya banio la kukinga maji mtoni tunayo," alisema Fundi. Huyu alikuwa fundi cherehani, mjane, na mweka hazina wa chama. "Tujenge banio, tuchimbe mfereji wetu mdogo, vitunguu vyetu vinywe maji, basi. Mwaka huu tena vikinikaukia shambani, mie nitakula vitambaa."

"Mdogo, mdogo!" alidakia Bucha, muuza nyama, mwenye shamba kubwa kuliko wote na lililo mbali na mto kuliko yote. "Misimu mitatu tunachanga, tuje tuchimbe kijimfereji cha kuogea bata?"

Injinia aliiacha chai ikapoa. Chama chenye akiba na ugomvi ni kuku aliyejinyonyoa manyoya mwenyewe. Kilichobaki ni kuwasha moto.

Katika mkutano uliofuata alisimama mbele, akatandaza ramani na kushusha pumzi kama mtu aliyebeba habari nzito.

"Iko benki moja kubwa ng'ambo," alisema, "imekosa pa kuweka pesa. Inateseka."

Ukumbi mzima uliionea benki huruma.

"Ninyi mkiweka moja, yenyewe inaweka kumi. Lakini wale wenzetu hawaendi kwa maneno matupu. Wanataka kwanza kuiona hiyo moja."

"Wataionea wapi?" Fundi aliuliza.

"Kwangu, mama."

"Na wewe sisi tutakuonea wapi?"

Watu walicheka, lakini walimcheka Fundi. Bucha alisimama akasema kuna watu walizaliwa kupinga maendeleo, tena huanza wakiwa tumboni. Kura zikapigwa, Fundi akashindwa. Walikubaliana akiba yote ikabidhiwe kwa Injinia mara atakapomaliza kupima njia ya mfereji.

Akapima. Alichonga vigingi, akavipaka rangi nyekundu vichwani, akavipigilia kuanzia mtoni kwenda mbele, popote palipokuwa na udongo laini. Alikuwa bado anajifuta jasho Bucha alipomfuata chumbani kwake, akiingilia mlango wa nyuma.

"Injinia, mwanangu, huu mfereji hauwezi kupinda kidogo, ukaanzia kwangu?"

"Haiwezekani, mzee. Maji ni sayansi."

Bucha akaweka bahasha mezani. Injinia akaitafakari sayansi upya.

"Unaweza kupinda," alisema.

Alipotoka Bucha aliingia mwenye duka la dawa. Akafuata mwenye nyumba za kupanga. Mkuu wa kituo cha polisi, ambaye naye alikuwa na ekari zake, hakuja mwenyewe. Alituma kofia yake ikiwa na bahasha ndani. Kila mmoja alikula kiapo kutomwambia mwenzake, na hakuna kiapo kilichowahi kutunzwa vizuri kama hicho katika mji ule. Ramani ikaishia kufanana na utumbo wa mbuzi. Siku ya makabidhiano kila mtu aliitazama, akaiona kona yake, akapiga makofi.

Fundi alizihesabu pesa za chama mbele ya wote, akazihesabu tena, akamkabidhi. Mkono wake ulichelewa kidogo kuachia.

Mchana ule ule Injinia alifika kwenye chumba chake cha ushonaji akiwa na kitambaa cha kijivu, cha bei mbaya. Fundi alikuwa kwenye cherehani, pini mdomoni, vipande vya nguo za watu vikiwa vimemzunguka hadi magotini.

"Nishonee suti, mama. Ya kukutana na benki. Na ndani uniwekee mifuko. Minne."

Fundi akatoa pini mdomoni. "Minne?"

"Mirefu. Ya kuingia nyaraka."

"Nyaraka zina ukubwa gani?"

Injinia, bila kufikiri, akaonyesha kwa vidole. Fundi akaweka futi kati ya vidole vile, akasoma, akaandika kwa chaki juu ya kitambaa.

"Niachie na hiyo uliyovaa, iwe kipimo," alisema. "Mwili husema uongo, nguo iliyokukaa haisemi."

Kwa hiyo Injinia alirudi chumbani kwake amevaa bukta ya mazoezi na fulana, begi la pesa kwapani.

"Itakuwa tayari lini?" alikuwa ameuliza mlangoni.

"Njoo kesho."

Kesho yake mkanda wa cherehani ulikuwa umekatika. Kesho ya pili uzi wa rangi ile ulikuwa umekwisha. Kesho ya tatu Fundi alikuwa kwenye msiba, na kesho iliyofuata msiba ulikuwa umemchosha. Injinia hakushuku lolote. Kama suti ingekuwa tayari siku aliyoahidiwa, hapo ndipo angeshtuka akakimbia. Lakini fundi anayesema kesho ni fundi wa kweli, dunia nzima inajua. Na kusafiri kwa bukta hakungewezekana. Tapeli wa suti huitwa bwana mkubwa. Tapeli wa bukta huitwa mwizi, na hufukuzwa mbio.

Ili asionekane mvivu, akawa anatembea mashambani kama anayekagua. Huko ndiko alikoviona.

Vigingi. Vya saruji, vichwa vimepakwa rangi ya bluu, vina namba. Vilianzia mtoni vikashika njia yao wenyewe bila kupinda kwa ajili ya mtu yeyote, vikapanda kilima kwa ujasiri mkubwa. Injinia halisi angesimama hapo akajiuliza swali moja. Injinia wetu hakujiuliza. Juu kilimani alikuwapo mpimaji, kofia ngumu kichwani, jicho kwenye chombo chenye miguu mitatu.

"Habari ya kazi, kijana. Mnapima nini?"

"Mradi wa serikali, mzee," mpimaji alijibu kwa sauti nzito, bila kuinua kichwa. "Mfereji. Kwani hujausikia? Mji mzima unauzungumzia."

Injinia alisimama juani. Mji mzima ulikuwa unauzungumzia, kweli, na aliyeuanzisha ni yeye. Lakini uongo ukishapita vinywa vingi hurudi nyumbani ukiwa na ndevu, na baba yake mwenyewe huuamkia shikamoo.

"Na hawa wenye mashamba unapopita?"

"Fidia. Ardhi inalipwa mbali, miti mbali. Mti mmoja mmoja."

"Na hiki kilima ni cha nani?"

"Cha fundi cherehani mmoja mjini. Maskini, hata hajui."

Injinia alishuka kilima mbio, bukta ikipepea.

"Mama," alisema alipofika, akihema, "lile shamba la kilimani unalifanyia nini?"

"Lile? Mawe matupu na miiba. Mbuzi wenyewe wanalipita kando." Fundi aliendelea kutunga uzi kwenye sindano. "Ila Bucha naye kaja asubuhi kuliulizia. Sijui kaota nini."

"Kasema atatoa ngapi?"

Fundi akamtajia.

"Mimi nakuongeza."

"Aa, mwanangu, ni la marehemu mume wangu. Alilipenda sana."

"Alikuwa analima nini?"

"Hakulima. Alilipenda tu."

Injinia akaongeza. Fundi akamkumbuka marehemu. Injinia akaongeza tena, Fundi akajifuta jicho kwa kipande cha mfuko wa suti. Bei iliendelea kupanda hadi ikafika kiasi kile kile kilichokuwamo ndani ya begi, bahasha zote zikiwamo. Msimulizi anaiita hiyo bahati, ingawa mweka hazina huzijua pesa alizozihesabu kama mama anavyoijua sauti ya mwanawe sokoni.

Hati ikaandikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili, muhuri ukapigwa. Injinia hakupoteza muda. Alichukua miche ya mipapai kwa mkopo, akaipanda safu kwa safu katikati ya mawe, fidia ya miti ije imkute tayari, na kila asubuhi akawa anapanda kilima na ndoo mbili kuimwagilia. Mtu aliyeahidi maji wilaya nzima sasa aliyabeba begani.

Alipochoka kusubiri alikwenda ofisi ya ardhi. Karani akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza kwa upole, "Mradi upi huo, mzee?"

Alirudi mbio kwa Fundi.

"Umenitapeli!"

"Nimekuuzia shamba," Fundi alisema. "Shamba lipo, halipo?"

"Lipo, lakini..."

"Wewe umetuuzia mfereji. Upo?"

Cherehani iliendelea kulia. Injinia alitazama huku na huko, akaliona dirisha, na kupitia dirisha akaona mkokoteni umepita na mifuko ya saruji, Bucha akiusukuma kwa nyuma. Banio la mtoni lilikuwa limeanza kujengwa. Akiba ya chama ilikuwa imerudi yote. Zile bahasha zilibaki bila mwenyewe, maana kuidai yako ilikuwa ni kukiri ulihonga maji yapinde, kwa hiyo hakuna aliyezidai, na zikanunua mabomba. Polisi hakutajwa na upande wowote.

"Mtu anayeleta maji," Fundi alisema, "hahitaji mifuko minne ya ndani yenye upana wa noti. Hapo ndipo nilipokuelewa." Akainuka, akatoa kitu kwenye msumari. "Suti yako hii. Imekamilika tangu kesho ya kwanza. Mifuko imara, ukitaka ijaribu."

Injinia akatia mkono katika mfuko mmoja, halafu mwingine. Ilikuwa imara kabisa.

"Basi angalau," alisema kwa sauti ndogo, "mniunganishie na mimi maji. Mipapai yangu inakufa."

"Lipa kiingilio, usubiri zamu kama wenzio. Ila shamba lako liko kilimani, na maji hayapandi mlima." Fundi akarudi kwenye kiti chake. "Au vipi, Injinia?"

Habari zingeishia hapo kwa heshima. Kwa bahati mbaya, mwalimu wa bweni, aliyeazima kurasa hizi eti asahihishe nukta, ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: rangi ile ya bluu ilitoka wapi, na kwa nini vitanda vya bweni letu vimepakwa upande mmoja tu?

Msimulizi alitamka mapema kwamba hana undugu na yeyote anayetajwa humu. Anashikilia kauli yake. Fundi si ndugu yangu, mwalimu. Ni mama yangu mzazi. Rangi imebaki nusu kopo, nitairudisha. Kuhusu mpimaji mwenye sauti nzito hujauliza, na asiyeulizwa hajibu.