Ikiwasha, Sema

Kila asubuhi, kabla ya kumdanganya mtu yeyote, Idrissa Mansuri alinyolewa ndevu. Alikaa kwenye kiti cha Simeoni, kinyozi wa karibu na stendi ya Singida mjini, akapakwa povu, akafumba macho na kutafakari ni nani siku hiyo amechoka kukaa na mali yake.

Asubuhi moja wembe ulikuwa ndio kwanza umemaliza shavu la kulia, mtu akapiga kelele mtaani: "Bwana afya!"

Simeoni aliruka kuliko umri wake ulivyoruhusu. Alivuta mlango, akazima taa, akatokea dirisha la nyuma na wembe wake mkononi. Saluni zote za upande ule zikafungwa kwa kishindo kimoja. Idrissa akabaki gizani na nusu ya ndevu. Akachungulia kwenye tundu la ufunguo. Nje alipita kijana mwenye koti jeupe, kabeba madumu ya mafuta ya alizeti, akiuliza nani anataka kuonja.

"Kaondoka?" Simeoni alinong'ona dirishani.

"Simeoni, kwani leseni huna?"

"Ninayo nusu."

"Nusu ndiyo ipi?"

"Nia ya kukata."

Mtu mwingine angedai shavu lake la pili. Idrissa alikuwa anawaza koti.

Wiki hiyohiyo alishuka Kiomboi, ambako hakuna aliyemjua, amevaa koti jeupe aliloazima kwa muuza nyama. Lilikuwa limefuliwa mara mbili na bado mbwa walilipenda. Nywele zake, ambazo zilikuwa fahari yake kuliko hata ulimi wake, alizichana zikasimama. Akawakusanya wasusi na vinyozi ndani ya saluni ya Bi Swaumu, kubwa kuliko zote pale. Bibi mmoja msusi, mkubwa kuliko mama yake mzazi, alipoliona koti akasema, "Shikamoo." Idrissa akaitikia, "Marahaba," bila haya hata ya kusingizia.

"Mimi ni Mtahini wa Kanda, kutoka Baraza la Vichwa na Kucha," alianza, kwa sauti ya mtu anayesoma wosia. "Kuanzia sasa hakuna kugusa kichwa cha mwananchi bila leseni. Hakuna leseni bila uanagenzi. Na uanagenzi hauishi mpaka fundi atamke mbele ya watu kwamba mwanafunzi wake ameiva."

Sentensi ya mwisho aliitunga njiani, basi liliposimama Misigiri, na aliipenda mwenyewe.

"Sisi ambao mafundi wetu walishakufa?" bibi aliuliza.

"Kuna ada ya msamaha."

"Na anayetaka kupimwa, kichwa cha kupimiwa anakuja nacho?"

"Kichwa," Idrissa alisema kwa utukufu, "hutolewa na Baraza."

Hakuna aliyetaka kupimwa. Walilipa msamaha, na mfuko wa koti ukaanza kunenepa. Ndipo Bi Swaumu alipomvuta nyuma ya pazia.

"Yule binti anayefagia ni Loyce, mwanafunzi wangu. Mfelishe."

"Kwani kazi haijui?"

"Angekuwa haijui ningekusumbua?" Bi Swaumu alishusha sauti. "Ana fremu ya duka inamsubiri sokoni. Mwezi huu ukiisha hajaichukua, anapewa mwingine. Kila akiniomba nimtangaze kwa wateja kuwa ni fundi, namwambia bado. Na bila neno langu, hapa Kiomboi hakuna atakayemkabidhi kichwa. Sasa wewe na koti lako umeleta habari za mitihani. Akifaulu je?"

Alimtumbukizia mfukoni kitu kizito kuliko misamaha yote. Idrissa akaona kazi ya utahini ni ya wito.

Loyce alikuja mbele bado ameshika ufagio. Sauti yake ilikuwa ndogo, watu wakalazimika kunyamaza ili waisikie.

"Shikamoo, Mtahini. Naomba kupimwa. Kuweka dawa ya kulainisha nywele."

"Marahaba. Tatizo, binti, hatuna kichwa."

"Ulisema kinatolewa na Baraza."

Saluni nzima ikamgeukia Baraza. Baraza likatafuta mlango, likakuta bibi kauziba kwa kiti alichokalia.

"Vua koti, Mtahini," Loyce alisema kwa upole. "Dawa isije ikaliunguza."

Akalivua, akawakabidhi akina mama kwa mkono wake mwenyewe. Loyce akavaa glavu.

"Umejikuna kichwa leo?"

"Mtahini hajikuni."

Kunguni wa gesti walikuwa wamemkesheza akijikuna mpaka ngozi ikachubuka. Huo ulikuwa uongo mdogo kuliko yote aliyosema siku hiyo, na ndio uliomgharimu.

"Haya," Loyce alisema, kama wasemavyo mafundi wote wa kike tangu dawa iingie mjini. "Ikiwasha, sema."

Mwanzoni ilikuwa baridi tamu. Kisha akatambaa siafu mmoja. Kisha akaja na ukoo.

"Inawasha," Idrissa alisema.

"Sema."

"Si nimesema!"

"Sema kama nimefaulu."

Kwenye kioo alimwona Bi Swaumu akitikisa kichwa. Idrissa alikuwa tapeli, lakini kazi aliyolipwa aliiheshimu. "Bado… bado kidogo… maji!"

"Yapo." Beseni lilikuwa pembeni kabisa. "Mafuta ya kukinga ngozi sijakupaka, Mtahini. Mkebe ule pale, sijaufungua. Mbona hukuniuliza? Mtahini gani anaacha hilo?"

Wakacheka. Siafu wakafika masikioni.

"Mimi si mtahini! Hakuna Baraza! Mama huyu kanilipa nikufelishe! Dada yangu, nakufa, maji!"

Beseni likaja mara moja. Loyce alimwosha taratibu, akampuliza penye wekundu, akamuuliza kama shampuu imemwingia machoni, na huruma hiyo ikamuuma Idrissa kuliko dawa. Koti nalo lilikuwa limezunguka saluni nzima nyuma ya mgongo wake, na kila aliyelipa alikuwa ameingiza mkono. Liliporudi lilikuwa jepesi kama siku alipoliazima. Nywele zake zilikuwa zimelala upande mmoja kama alizeti baada ya mvua ya mawe.

Mlangoni bibi hakusogea.

"Na shikamoo yangu uirudishe."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Pita."

Alipita. Lakini vicheko nyuma yake vilikatika ghafla, na tapeli ni mtu wa kutaka kujua, akasimama barazani kusikiliza.

"Na wewe, Mama," Loyce alikuwa anasema. Maji yalidondoka kutoka kwenye beseni. "Miaka yote hii. Kama inakuwasha, sema."

Bi Swaumu alikunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena.

"Umeiva, Loyce," alisema hatimaye, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Uliiva siku ile nilipoumwa ukampamba bibi harusi peke yako. Ile 'bado' yangu haikuwa ya kazi. Niliogopa utaondoka, nibaki naongea na viti."