Mipira ya Motokaa Nyekundu

Jumanne, 21 Januari 1913. Morogoro.

Nimejiponza! Asubuhi Bwana Reimer, mwenye shamba la mpira ninakofanya kazi ya kuosha motokaa yake, amefunua kifuniko cha injini na kuushika mpira unaopitisha benzini. Kipande kikabaki mkononi mwake. Jua la huku limeupasuapasua kama kisigino cha mkulima. Motokaa yenyewe ni nyekundu, ya viti viwili, zamani ilishindana mbio huko Ulaya. Sasa ni kikongwe mwenye sura nzuri. Mipira mipya imeagizwa, lakini meli haijafika. Na Jumatatu ni sikukuu ya kuzaliwa kwa Kaisari wa Wajerumani! Bwana ameapa kuingia nayo Bomani mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, na mbele ya walowezi wanaomcheka kwamba motokaa yake ni ya kuoshwa tu.

Akauliza nani anaweza kuitengeneza. Fransisko mpishi, Mluguru wa Matombo anayejiona kwa sababu amesoma misheni, akajitokeza akisema aliwahi kuziba jiko lililovuja moshi. Jiko! Sikuweza kuvumilia. Nikasema mimi Maneno nimejifunza ufundi kwenye karakana ya reli, Dar es Salaam. Si uongo mtupu. Nilikuwa nauza maandazi mlangoni, na mlango nao ni sehemu ya karakana.

Bwana akafurahi. Akasema siku ya sikukuu fundi atakaa kiti cha pili, kando yake. Motokaa ikiharibika, fundi atakula viboko ishirini na tano.

Jumatano, 22 Januari.

Nimepata akili. Tumezungukwa na miti ya mpira! Kwa nini tungoje meli? Nimekinga utomvu, nikaupaka kwenye kijiti tabaka juu ya tabaka, nikaukausha kwa moshi. Mke wangu Asia akasema unanuka kama panya aliyefia darini. Hajui ufundi. Nilipochomoa kijiti, nikabaki na mpira mzuri kabisa, mweusi, laini. Bwana ameupapasa na kuitikia kwa kichwa. Fransisko ameona. Uso wake kama aliyemeza ndimu. Mchana wote nimetembea nimetoa kifua.

Jumapili nyingine watu wataniita Fundi Maneno.

Alhamisi, 23 Januari.

Msiba. Nimeufunga mpira wangu, nikafungulia benzini, nikaenda kula. Kurudi, hakuna mpira. Kuna uji! Mweusi, unadondoka chini tone kwa tone. Kumbe benzini huyeyusha utomvu. Mbona hakuna aliyeniambia?

Namshukuru Mungu Bwana alikuwa amekwenda Mkuyuni. Lakini Fransisko hakwenda Mkuyuni. Alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, anacheka hadi machozi. Akaniuliza kama hiyo ndiyo supu wanayopika karakanani. Nikamwambia ni hatua ya kwanza ya kazi. Akasema anaisubiri ya pili kwa hamu.

Nimefuta kila kitu kwa kanzu yangu. Sasa nanuka benzini na Asia hataki nisogee karibu na jiko.

Ijumaa, 24 Januari.

Msikitini sikusikia hata neno moja la hotuba. Nilikuwa nafikiria mirija. Ghafla nikamkumbuka mama mkwe! Bi Mwajuma ana kiko cha maji chenye mrija wa ngozi, mrefu, aliourithi kwa marehemu mumewe. Nikaenda. Nikampa shikamoo mara mbili, akashtuka. Nikamwambia kuna agizo jipya kwamba mirija yote ya kiko ichemshwe, na mimi nimejitolea kumchemshia. Akaniombea dua kwa huruma yangu.

Nikaukata vipande viwili, nikavifunga kwenye injini. Benzini ikatoka kwenye mishono yote kama jasho.

Jioni Asia ameujua mkasa. Hakupiga kelele. Amesema tu kwamba mama yake ameketi barazani anausubiri mrija wa mumewe. Heri angepiga kelele.

Jumamosi, 25 Januari.

Siku mbili tu zimebaki. Sukari naimwaga nje ya kikombe. Bwana ameuliza kama kazi imekwisha. Nimesema inapoa.

Nikaona Fransisko akichinja mbuzi kwa ajili ya karamu. Nikaona utumbo! Mrefu, mwembamba, hauna mshono hata mmoja, Mungu mwenyewe ameufanya. Ukikunjwa mara mbili na kukaushwa, benzini itapita wapi? Lakini utumbo ni wa Fransisko. Ikabidi nimwendee adui yangu na kumwita ndugu.

Akasema atanipa kwa sharti moja: kiti cha pili. Mama yake, Bi Modesta, anashuka kutoka Matombo kuja kutazama sikukuu, naye Fransisko anataka mama amwone mwanawe juu ya motokaa.

Nikajifanya kusita. Nikashusha pumzi. Nikakubali.

Loo! Sikuamini bahati yangu. Motokaa ikiharibika, aliye kitini ni yeye! Nimemwambia Bwana nimeshikwa na homa, na Fransisko, niliyemfundisha mwenyewe, atakaa badala yangu. Bwana amekubali kwa kuguna. Nimeufunga utumbo kwa uzi. Haujavuja. Nimekula sahani mbili za wali.

Jumapili, 26 Januari.

Sijala kitu leo.

Bi Modesta amefika baada ya misa. Kikongwe mfupi, miguu imejaa vumbi la mlima, kikapu cha njegere kichwani. Hakwenda kwanza kwa mwanawe. Amekuja kwangu! Nikamwamkia. Akanishika mikono yote miwili, akasema Fransisko amemweleza jinsi nilivyomwachia heshima yangu. Akasema ana mtoto mmoja tu aliyebaki, na leo amepata wa pili. Njegere ni zangu.

Baada ya yeye kuondoka nikaenda kuutazama utumbo. Umepita karibu kabisa na bomba la moshi, ambalo injini ikichemka huwa jekundu. Jana sikuliona hilo. Au niliona. Sijui.

Nikamwendea Fransisko, nikamwambia homa imepona, anirudishie kiti. Akasema alijua tu nitageuka, wivu umenijaa. Nikasema si wivu. Akauliza ni nini basi. Nikafungua kinywa. Nikaona viboko. Nikafunga kinywa.

Asia amepika njegere. Amekula peke yake.

Jumatatu, 27 Januari. Sikukuu.

Naandika kwa shida, mikono imefungwa vitambaa.

Watu walijaa uwanja wa Boma. Tarumbeta, bendera, askari wamejipanga. Nilisimama mbele kando ya Bi Modesta, kwa sababu alining'ang'ania mkono. Kisha tukasikia ngurumo. Motokaa nyekundu! Bwana Reimer na miwani yake, na Fransisko kando yake, kanzu nyeupe, amekaa wima kama sultani. Walowezi wakaacha kucheka. Bi Modesta akalia kwa furaha.

Mimi nilikuwa natazama chini ya motokaa. Tone. Tone. Kisha moshi usio wa kawaida.

Nikapiga kelele, "Ruka! Fransisko, ruka!" Akanipungia mkono. Alidhani namshangilia!

Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka moto ukichomoza mbele ya miguu yake, Bwana akiruka upande wake, na Fransisko akibaki palepale ameushikilia mlango, haoni kwa moshi. Nikamkamata kanzu na kuvuta. Kanzu ikachanika, nikamkamata mwili. Tukaanguka chini wote wawili. Pindo lake lilikuwa linawaka, nikalipiga kwa viganja. Askari wakafunua kifuniko cha injini, wakaimwagia motokaa mchanga hadi moto ukafa.

Halafu uwanja mzima ukanuka mbuzi wa kuchoma.

Bwana Shauri akauliza kwa nini motokaa inanuka nyama. Nikafumba macho. Hapo mbwa wake akachupa, akatia kichwa ndani ya injini, akachomoka na utumbo mdomoni na kutokomea nyuma ya Boma. Mbwa yule Mungu ambariki.

Bwana Reimer, masharubu yameungua upande mmoja, akamgeukia Fransisko na kumuuliza ule ulikuwa mpira gani. Fransisko alijua. Alinitazama. Akamtazama mama yake, aliyekuwa amepiga magoti mavumbini akimpapasa miguu kuona kama ni mizima.

"Mpira wa zamani, Bwana," akasema. "Ulichoka."

Bwana akatufukuza kazi sote wawili papo hapo. Viboko hakuvitaja. Walowezi walikuwa wanacheka tena, nadhani alitaka tu kwenda nyumbani.

Jumanne, 28 Januari.

Asia ananipaka asali viganjani. Anapaka polepole sana. Jana jioni alipokuwa anakata vitambaa nilimwona akijifuta macho, akasingizia kitunguu. Hatukuwa na kitunguu.

Nimeapa mbele yake: sitasema tena kwamba najua nisichokijua. Sitajifanya fundi. Nitalima mpunga. Akafunga kitambaa, akasema inshallah.

Fransisko alipita kuniaga, anampeleka mama Matombo. Amesema mimi ni mjinga kupita wote aliowahi kuwaona, kisha akanishika bega. Hakuliachia upesi.

Alhamisi, 30 Januari.

Nilikwenda tu sokoni kununua jembe! Njiani, mbele ya hoteli ya Wazungu, nikamkuta mwenye hoteli akiupiga teke mtambo wake wa barafu. Umekufa. Ana wageni kutoka Dar es Salaam na vinywaji vina joto kama chai. Akauliza wapita njia kama yuko mwenye ujuzi.

Nilinyamaza. Nilinyamaza kabisa. Kisha kinyozi mmoja akajitokeza akisema aliwahi kuziba kinu kilichopasuka. Kinu!

Naanza kesho alfajiri. Nimemwambia mitambo ya barafu nimeizoea tangu utotoni. Nimerudi nyumbani kumuuliza Asia kama amewahi kuiona barafu, na kama ni kitu cha kuwasha moto chini yake.