Mgonjwa Pekee Aliyekaa

Sabuni aliingia duka la dawa kukwepa mvua, na humo ndimo riziki ilimomkuta. Mwenye duka alikuwa akimweleza mteja kuhusu ule ugonjwa wa uti wa mgongo unaowavamia vijana. Sindano yake moja, alisema, ina bei ya pikipiki, lakini hospitali kuu inawapa bure wale ambao vidonge vimewashinda.

"Na mtu akikuletea moja?" Sabuni aliuliza mteja alipotoka.

"Ikiwa bado ina baridi ya friji, sina maswali," akajibu mwenye duka, mcha Mungu mkubwa.

Jina la Sabuni alipewa na polisi, kwa jinsi alivyokuwa akiteleza mikononi mwao. Asubuhi iliyofuata alijikongoja hadi kliniki ya mgongo, mkono kiunoni, akalia mlangoni kwa ufundi mkubwa hata muuguzi akamweka mbele ya foleni. Ndani alikuta ajabu: benchi refu tupu, na wagonjwa wote wako wima. Wengine walizunguka ukumbi kama viranja wakati wa kujisomea. Sabuni alimshukuru Mungu kwa ujinga wa wanadamu, akajitupa kwenye benchi na kukunja nne.

Ukumbi mzima ukamtazama. Fundi cherehani mmoja, dada mwembamba mwenye futi shingoni, akamsogelea.

"Kaka, umeshapona?"

"Naumwa vibaya, dada yangu. Ila nikimwona daktari nababaika, dalili zote zinanitoka. Wewe naona ni msomi wa mambo haya. Hebu ninong'oneze."

Fundi alimtazama yule aliyekunja nne. Muuguzi alikuwa ametangaza kwamba imebaki nafasi moja tu ya sindano, na aliyefuata baada ya Sabuni alikuwa yeye. Vipimo vyake vyote vilikuwa tayari. Alikuwa amemeza vidonge vya kila aina hadi tumbo likagoma, na kila alfajiri mumewe alimwinua kitandani kama anayehamisha kabati. Akiikosa sindano hii, cherehani ingegeuka pambo la sebuleni.

"Mbona rahisi," akasema kwa upole wa mtawa. "Mwambie ukilala unapona kabisa, asubuhi unaamka mwepesi. Ukitembea kidogo tu, kwisha habari yako."

"Mungu akuzidishie, dada."

"Na wewe pia, kaka."

Sabuni akaitwa.

"Mgongo unakusumbua lini zaidi?" daktari aliuliza.

"Jioni, daktari, baada ya mizunguko."

"Ukilala?"

"Napona kabisa."

"Ukitembea?"

"Nakufa."

Daktari akaweka kalamu chini. "Hongera. Ugonjwa tunaoutibu hapa hufanya kinyume: kulala ndiko kunakoukakamaza mgongo, na kutembea ndiko kunakoulegeza. Wewe umechoka tu. Nenda kalale."

Mtu mwingine angeona aibu, lakini Sabuni na aibu hawakuwahi kufahamiana. Alisubiri getini. Hatimaye fundi akatoka, kwapani ana boksi jeupe lenye picha ya sindano.

"Dada, umeniingiza mkenge."

"Pole, kaka. Daktari kakushauri nini?"

"Tuyaache hayo. Hilo boksi unaliuza?"

Fundi akalitazama boksi, kisha akamtazama Sabuni, kisha boksi tena. "Boksi hili?"

"Hilo hilo, na baridi yake."

"Nilikuwa na shughuli nalo nyumbani."

"Shughuli gani inayoshinda pesa?"

Akavua kiatu, akatoa kila noti iliyoishi humo, akaongeza na saa ya mkononi. Fundi hakusema uongo hata nusu. Alipokea tu. Sabuni akaondoka mbio, boksi kifuani, akiomba jua lisiongeze ukali.

Mwenye duka alilifungua kwa kutaja jina la Mungu. Ndani mlikuwa na karatasi ya maelezo iliyokunjwa vizuri sana, na hewa ya baridi. Akamtazama Sabuni kama anayetazama boksi la pili tupu.

Pale kliniki sindano haivuki mlango ila ikiwa ndani ya mtu. Ile ya mwisho muuguzi alikuwa ameshaisukuma kwenye paja la fundi, akamwambia asitarajie miujiza kesho, nafuu huchukua wiki kadhaa, na arudi kwa nyingine. Fundi akashukuru, kisha akaomba boksi tupu la kuwekea vifungo.

Saa ile alikuwa sokoni, anatembea taratibu huku mgongo ukimlegea, akichagua kopo zuri zaidi la vifungo. Hakuomba hata apunguziwe bei.